Mkono Kwanza, Kalamu Baadaye

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wewe uliyeamka leo ukaenda kazini ukiimba, na asifiwe zaidi na wewe uliyeamka bila hamu ya kwenda, kwa sababu ya mtu mmoja anayekungoja kazini na mdomo wake. Huyo wa pili ndiye ninayemwandikia hasa. Mimi ni mzee sasa na magoti yamechoka, lakini mkono wangu wa kulia ungali mzima, na habari za mkono huu ndizo nilizo nazo za kumshukuru Mungu.

Habari hii nimeishuhudia mara nyingi katika ushirika wetu pale Bondeni, Nakuru, na ndugu wengine wameisikia mpaka wanaweza kunimalizia. Hata hivyo nawaomba mnisome mpaka chini. Mwisho wake haujasikiwa na mtu.

Nilizaliwa Bunyore. Nilisoma mpaka kidato cha pili, na siku zile, katikati ya miaka ya hamsini, kijana wa kidato cha pili alikuwa mtu. Watu walikuwa wakinitolea barua zao niwasomee, na wazee walinipisha kwenye benchi kanisani. Nilibatizwa, nilikuwa na Biblia, nilijua nyimbo zote. Lakini sikuwa nimeokoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimeokoka midomo tu.

Nilipanda kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya juu ya Molo, kule baridi inakoshika masikio hata mchana. Nikaandikwa karani wa tanuri katika shamba la pareto la mzungu mmoja ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani. Kwa wale wasioijua pareto: ni maua meupe madogo yenye moyo wa manjano, yanayotengenezewa dawa ya wadudu. Wanawake waliyachuma na kuyaleta kwa vikapu, nasi tuliyatandaza juu ya trei za waya ndani ya tanuri na kuyakausha kwa joto la kuni. Yakikaushwa vizuri huwa na nguvu. Joto likizidi, nguvu hutoka yote na ua linakuwa kahawia, halifai kitu. Tena yakirundikwa mabichi yakiwa na maji, yanachemka yenyewe kwenye rundo na kuwa kahawia vilevile. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililotaka kumwangamiza mtu.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Ukutani palikuwa na kipimo cha joto, na pembeni yake kadi yenye mistari ya saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kila saa nitazame kipimo, niandike digrii, nimwambie mchochezi wa moto aongeze kuni au apunguze. Joto lilitakiwa kuwa mia na thelathini, kwa digrii za Fahrenheit za siku zile, lisizidi mia na arobaini. Mtoto angeweza kuifanya. Na kwa sababu mtoto angeweza kuifanya, mimi wa kidato cha pili niliidharau.

Sasa niwaeleze kuhusu mkubwa wangu. Aliitwa arap Koros, nyapara wa tanuri, mtu mrefu mwenye tundu kubwa kwenye masikio, asiyejua kusoma hata jina lake. Ndugu zangu, mzee yule alikuwa mgumu! Asubuhi kabla sijashika kalamu alinipa ufagio. Kulikuwa na kigoda kimoja mle ndani nilichokuwa nikikalia; siku ya pili alikichukua akakipeleka kwake, akasema kigoda huzaa usingizi. Kila saa ilipofika aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, kisha akapita trei kwa trei akiweka mkono wake chini ya waya, kiganja juu, kama mtu anayepokea maji. Alikuwa akiniita Bwana Kalamu, mbele ya wanawake wachumaji.

"Bwana Kalamu, leo moto umekuandikia barua?" aliniuliza siku moja. Wanawake wale walicheka mpaka vikapu vikatikisika.

Nikiomba ruhusa niende Nakuru, hakuna. Nikiwa na mafua, ufagio uko palepale. Sikumbuki kusikia neno la sifa kwake. Kitu kimoja tu kizuri kilitoka kwenye nyumba ile: saa nne kila asubuhi mkewe, Mama Chebet, alituletea kibuyu cha mala kutoka kwa ng'ombe wao mwekundu, na kikombe kikazunguka kwa wote, hata kwangu mimi niliyemchukia mumewe. Niliyanywa maziwa yake na nikaendelea kumchukia.

Dhambi ya kazini haianzi na makubwa. Mwanzo ilikuwa siku ya mvua; sikutaka kutoka kwenye ghala la magunia, palipokuwa na joto, nikaiandika saa tisa bila kuitazama. Hakikutokea kitu. Juma lililofuata nikaandika saa mbili kwa pamoja. Haukupita mwezi nikawa naijaza kadi nzima saa mbili asubuhi, kabla umande haujakauka, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilikuwa na akili, ndugu zangu! Sikuandika mia na thelathini kila mahali. Nilichanganya: mia na thelathini, mia na ishirini na nane, mia na thelathini na mbili, ili zionekane zimetazamwa. Elimu ambayo baba yangu alinipeleka kuitafuta, niliitumia kupamba uwongo.

Wala hapakuharibika kitu, kwa sababu mkono wa arap Koros ulikuwa ukipita kila saa. Akihisi joto limepanda alimkemea mchochezi, Wekesa, na moto ukashushwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikausha pareto. Mimi nilikuwa nikikausha wino. Na Bwana Miwani alipokuja kila Jumamosi aliichukua kadi, akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanisifu mimi.

Tena nilikuwa nikiomba. Kila usiku kabla ya kulala nilipiga magoti nikamwambia Mungu amwondoe mtu huyu. Niliomba kwa machozi, na kwa mafungu ya Neno niliyoyashika kwa kichwa. Sikumwomba Mungu anibadilishe mimi hata mara moja.

Sasa sikieni. Ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha tangu alfajiri, na wachumaji wa shamba la juu walikuwa hawawezi kuvuka kijito na vikapu vyao. Arap Koros alitumwa kwenda kuwavusha na kuhakikisha maua hayarundikwi mabichi. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni, akavaa koti lake la gunia.

"Leo mkono wangu haupo," akaniambia. "Weka wako."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwitikia "Ndiyo, Mzee," na alipopotea kwenye ukungu nikaingia ghalani, nikakaa juu ya magunia, nikatoa karatasi. Nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi ya ofisi Nakuru. Nakumbuka niliandika ya kuwa mimi ni mwaminifu na mwangalifu, nikatafuta neno zuri zaidi ya mwangalifu. Kadi ilikuwa tayari imejaa.

Wekesa alikuja mlangoni akaniuliza kama kuni zinatosha. Sikuinua kichwa. Nikamwambia aongeze. Kuni za siku ile zilikuwa za mtarakwa mkavu, zinazoshika kama mafuta. Akaja tena baadaye akaniuliza, nikamwambia tena aongeze. Nilipomaliza barua na kuingia ndani ya tanuri, harufu ilinipokea kabla ya macho. Maua yote yalikuwa kahawia. Sikuthubutu hata kukitazama kipimo. Tulifungua milango, tukashusha moto. Nikamwonya Wekesa kwamba akisema neno, mimi ndiye mwenye kuandika, na nitaandika jina lake.

Kesho yake Jumatano asubuhi Bwana Miwani alikuja. Alilichukua ua moja akalisaga kwa vidole, likawa unga. Akamwita arap Koros. Akasema maua haya yaliharibika shambani: nyapara aliyaacha yakarundikwa mabichi, yakachemka. Arap Koros akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba hayakurundikwa, aliyavusha kwa mkono wake. Maua haya yameliwa na moto.

Bwana Miwani akaitoa kadi ukutani. Alikuwa na Kiswahili chake cha shamba.

"Karatasi hapana sema hivyo," akasema. "Karatasi nasema moto mzuri. Siku yote, moto mzuri."

Arap Koros aliitazama kadi ile kama mtu anavyotazama mlango uliofungwa kwa ndani. Kisha akanigeukia. "Nisomee," akasema.

Nikasoma. Wanawake wamesimama, Wekesa anatazama udongo, nami nikasoma kwa sauti yangu ya shule: saa mbili, mia na thelathini. Saa tatu, mia na ishirini na nane. Saa nne, mia na thelathini na mbili. Nikasoma mpaka saa kumi na moja.

Mzee yule alinisikiliza mpaka mstari wa mwisho. Alijua. Mkono ule uliokuwa ukipita kila saa kwa miezi ulijua sana kwamba kadi ile na moto havikuwahi kukutana.

"Umesoma vizuri," akaniambia.

Basi akafukuzwa. Akapewa mpaka Jumamosi, lori linaloteremsha magunia Nakuru limchukue yeye na watu wake. Na kufukuzwa siku zile za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, halikuwa jambo la kubadilisha shamba tu. Mtu bila barua nzuri ya mwajiri alisimamishwa njiani, akaulizwa, akarudishwa. Mashamba ya jirani yangesikia kwamba aliharibu maua, yasingemwandika. Ilikuwa ni mtu, mke, watoto wanne na mama mzee, wote kwenye lori kwa sababu ya mwandiko wangu. Na mwandiko wangu ulikuwa mzuri!

Ndugu zangu, oneni ujanja wa adui. Nilikuwa nimeomba mtu huyu aondolewe, naye anaondolewa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Moyo wangu uliniambia: je, huoni? Mungu amejibu.

Sasa niwaambie kilichonivunja. Mtu aliyefukuzwa, mwenye kungojea lori, ungetarajia akae kwake afunge mizigo. Arap Koros alikuja kazini. Alikuja kabla yangu. Nilimkuta na ufagio, amefagia sakafu mpaka pembeni, sehemu ambazo mimi nilikuwa nikizipitia juu juu. Saa ilipofika akagonga reli. Hakuna aliyemwagiza, hakuna ambaye angemlaumu kama asingegonga. Kisha akapita trei kwa trei, kiganja juu. Alipofika karibu nami, mkono ukiwa bado chini ya waya, akasema bila kunitazama:

"Mia na ishirini na tano. Mwambie Wekesa aongeze kidogo."

Nikageuka, nikakitazama kipimo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nilikitazama kweli. Mshale mwekundu ulikuwa umesimama kwenye mia na ishirini na tano, haukupungua wala kuzidi.

Hapo ndipo Bwana aliponishika! Sikusikia sauti, sikuona nuru. Niliuona tu mkono wa mtu asiyejua kusoma ukisema kweli, na mkono wangu uliosoma ukiwa umejaa uwongo. Kadi ya siku ile ilikuwa tayari imejazwa, imening'inia pale, na kwenye mstari wa saa mbili nilikuwa nimeandika mia na thelathini na moja.

Niliing'oa ukutani nikaenda nayo mpaka nyumba kubwa. Bwana Miwani alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza. Nilisema yote. Nilimwambia kadi ya Jumanne ni ya uwongo, na ya Jumatatu, na za wiki zote zilizopita. Nikamwonyesha hii ya leo, saa kumi na moja ya jioni ambayo haijafika, na digrii zake tayari.

Alivua miwani, akaivaa tena. Akauliza kama nina wazimu. Nikamwambia nilikuwa nao, leo umenitoka. Akamwita arap Koros, na mbele yake akaniambia nikusanye vitu vyangu, mimi ndiye nitakayepanda lori. Niliona ni haki. Sikujitetea.

Ndugu zangu, mtu aliyenitetea ni yeye. Mzee yule akasema maneno ambayo nimeyatembea nayo maisha yangu yote.

"Huyu amejifunza leo kusema kweli," akamwambia Bwana Miwani. "Ukimfukuza utaleta mwingine ambaye bado hajajifunza. Niachie mimi."

Niliachwa mikononi mwake. Msidhani alinikumbatia! Msidhani tangu siku ile akawa mpole. Alininyang'anya kalamu msimu mzima. Nilibeba trei, nilipasua kuni, nilifagia. Kadi ilijazwa na mtoto wa mpishi wa nyumba kubwa aliyekuwa darasa la nne, nami nikimsomea digrii. Arap Koros aliniita Bwana Kalamu kama zamani, na wanawake wakacheka kama zamani. Mtu mgumu alibaki mgumu, na Mungu hakuniondolea. Aliniondolea chuki, na hiyo ilikuwa kazi kubwa zaidi.

Alinifundisha hivi: reli ikilia, mkono kwanza, kalamu baadaye. Kabla sijakitazama kipimo, niweke kiganja chini ya waya na kutaja digrii. Kisha nikitazame. Siku za mwanzo nilikosea kwa ishirini, kwa thelathini, akaniuliza kama mama yangu alinipikia uji kwa mkono huo. Baada ya miezi nilikosea kwa tano. Msimu ulipokwisha sikukosea zaidi ya mbili, na siku hiyo alinirudishia kalamu. Aliiweka juu ya trei mbele yangu akaenda kugonga reli.

Na niseme jambo kwa vijana wanaoniuliza namna ya kuishi na mkubwa mgumu. Mimi sikupata dawa ya kumlainisha. Niligundua kwamba nikifika kabla yake, ufagio nitauchukua mwenyewe, na neno lake la kwanza halina pa kushikia. Niligundua kwamba kosa nikimpelekea mimi mwenyewe mapema, linakuwa kosa moja. Akiligundua yeye, linakuwa kosa na tabia yangu na kabila langu na shule niliyosoma. Niligundua pia kwamba nusu ya ukali wake ilikuwa kweli tupu iliyosemwa bila sukari. Nusu nyingine ilikuwa ukali tu, na hiyo niliiacha ipite kama moshi. Tanuri lilikuwa na madirisha.

Niliondoka shambani mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, nikaenda Nakuru. Nilipata kazi ya kutazama vipimo vya mashine za mvuke kiwandani, na kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, watoto wangu wakikulia Bondeni. Nasema kwa kujivuna, na Bwana anisamehe kama najivuna kupita kiasi: tangu siku ile katika shamba la pareto sijaandika namba yoyote ambayo sikuitazama kwa macho yangu. Hata moja! Wakubwa walikuja wakaenda, wengine wakali kuliko arap Koros na wasio na hata robo ya uwezo wake, na kila mmoja alipoondoka alimwambia anayeingia: huyu mzee akiandika, usirudie kupima. Mainjinia vijana walikuwa wakija kunitazama nikiweka kiganja karibu na bomba na kutaja joto, kisha wanatazama saa ya kipimo na kuguna. Mwanangu wa kwanza ni fundi, naye hufanya hivyohivyo. Hajui kwamba amerithi mkono wa mtu wa kabila jingine ambaye hakumwona.

Hapa ndipo ninapomalizia siku zote katika ushirika. Ndugu huimba, wengine hunishika mkono huu wa kulia. Lakini nimewaomba mnisome mpaka chini.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikimsomea mjukuu wangu habari hii nilivyoianza kuiandika. Akaniuliza swali dogo. "Guka," akasema, yaani babu, maana mama yake ni Mkikuyu, "yale maziwa ya saa nne, uliendelea kuyanywa?"

Niliiweka kalamu chini, na sikuishika tena siku kadhaa.

Ndugu zangu, mnaponisikia nikishuhudia, mnanisikia nikisema arap Koros alifukuzwa Jumatano, na kesho yake nikamwona akifagia, nikavunjika, nikakiri. Hata hapa nimeipanga habari ili muelewe hivyohivyo. Sikukiri kesho yake. Alhamisi alifagia, akagonga reli, akapitisha mkono. Nami nilimtazama siku nzima, moyo mkavu. Jioni ile nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kujibu maombi yangu, nikaimba. Mama Chebet alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bila shaka alinisikia nikiimba.

Ijumaa alifagia tena. Na Ijumaa hiyo, saa nne, kibuyu hakikuja. Nikatoka mlangoni nikamwona ng'ombe mwekundu anaongozwa kwa kamba na mtu nisiyemjua, kushika njia ya Olenguruone. Aliyefukuzwa hakuruhusiwa kuacha mnyama shambani, na kwenye lori ng'ombe hapandi. Aliyekuja kumchukua alijua hivyo, akampata kwa bei ndogo, kama mtu anayeokota. Watoto wale wanne walifuata mpaka kwenye lango, wakasimama. Niliwaona. Nilirudi ndani ya ghala.

Ilikuwa Jumamosi nilipokiri. Lori lilikuwa limewashwa, godoro na sufuria zao zimepakiwa juu ya magunia, na mama mzee ameketishwa mbele pamoja na dereva. Arap Koros alikuwa amekuja kufagia na kugonga reli ya saa mbili kabla ya kupanda, na hapo ndipo aliposema mia na ishirini na tano. Nilikiri nusu saa kabla ya kuchelewa kabisa. Mizigo ikashushwa. Ng'ombe hakurudi.

Naam, tulikuwa na miaka mingine kadhaa pamoja shambani, na hakikuja kibuyu tena. Siku moja ya Krismasi walinikaribisha kwao. Mama Chebet akanipa chai, na ilikuwa chai ya rangi, nami nilijua kwa nini. Nikajaribu.

"Mzee," nikasema, "yule ng'ombe mwekundu..."

"Kunywa chai," arap Koros akaniambia.

Nikanywa. Sikurudia tena, na sasa wote wawili wametangulia, hakuna wa kumwambia. Miaka yote hii nimesema kesho yake, kwa sababu kesho yake inasikika vizuri kanisani. Ndugu zangu, niliiandika siku ambayo sikuitazama. Mkono ulioponywa kwenye tanuri uliendelea kujaza kadi ya ushuhuda asubuhi na mapema.

Leo naijaza upya, nikiwa nimetazama. Jumatano, sikusema. Alhamisi, sikusema, niliimba. Ijumaa, sikusema, na ng'ombe akaenda. Jumamosi, saa mbili na nusu, nilisema.

Namshukuru Mungu aliyeningoja siku hizo tatu, na miaka hii yote juu yake. Namshukuru kwa mzee mgumu aliyenipa ufagio. Kwa watoto wa arap Koros, popote mlipo, kama karatasi hii itawafikia: kosa lilikuwa langu na maziwa yalikuwa yenu.

Na wewe unayekwenda kazini kesho, ukimkuta mkubwa wako na mdomo wake, mwamini Bwana hata hapo. Usimwombe amwondoe mtu huyo kabla hujamwomba auongoze mkono wako. Uweke chini ya waya, usikie joto lilivyo, hata kama linaunguza. Kisha andika. Yeye aliyenipokea mimi na kadi zangu zote za uwongo hatashindwa kukupokea wewe na yako.